Kadi ya dukani haikuua mapenzi ya enzi ya Victoria

Uchumba wa Uingereza na Marekani katika enzi ya Malkia Victoria husimuliwa hivi: kijana alishika mkasi na gundi, akamtengenezea mpenzi wake kadi ya valentine, baadaye wenye maduka wakaingia, penzi likawa biashara.

Hoja hiyo si ya kubeza. Itazame kadi ya utando wa buibui. Duara la karatasi limekatwa miviringo myembamba mno. Ukivuta kijuzi cha katikati linanyanyuka kama tundu la ndege, na chini yake kuna picha iliyofichwa. Mkasi ukiteleza mara moja, kazi yote imeharibika. Tena wachapaji waliouza maneno matamu waliuza pia kadi za kashfa, za bei ya chee, zilizotumwa bila jina kumdhihaki mwanamke ambaye hajaolewa.

Ila wanaolalamika wanaisahau posta. Kabla ya 1840, kwa kawaida aliyepokea barua Uingereza ndiye aliyelipa, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Tarehe 10 Januari 1840 ikaanza nauli ya peni moja kwa barua nyepesi, kwenda popote nchini. Barua zikapanda kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Zaidi ya mara mbili, ndani ya mwaka mmoja! Bila shaka nyingi hazikuwa za mapenzi. Lakini mfikirie binti aliyeishi kwa baba yake. Jana barua ikibisha hodi, mwenye mfuko ndiye aliyeitwa mlangoni kulipa, na swali la kwanza lilikuwa imetoka kwa nani. Leo imeshalipiwa. Kwangu mimi, peni ile iliwafungulia njia vijana wengi kuliko mikasi yote.

Na hicho kinachoitwa kiwanda kilikuwa nini hasa? Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, alihitimu chuo cha wanawake cha Mount Holyoke mwaka 1847, akavutiwa na kadi iliyotoka Uingereza, akatengeneza sampuli zake. Inasimuliwa kwamba alitarajia oda za dola 200. Kaka yake akarudi safarini na oda za zaidi ya dola 5,000. Esther akawakusanya wasichana mezani: huyu anakata picha, yule anatandika karatasi ya lesi, mwingine anabandika. Kila tabaka lilipita mikononi mwa mtu. Mwaka 1879 kampuni yake ikatoa kitabu cha beti, mnunuzi achague ubeti wa kubandika ndani ya kadi yake.

Kuchagua nako ni kusema. Hata waliokata karatasi nyumbani, wengi walinakili mashairi kutoka vitabu vilivyouzwa London tangu mwishoni mwa karne ya 18. Asiyejaliwa kutunga alikopa maneno, na hisia zilibaki zake.

Kuna jambo moja ambalo nawaachia wapinzani wangu bila ubishi: nywele. Wapenzi walipeana kishungi, kikasukwa na kuwekwa ndani ya kidani. Wengi waliogopa kwamba sonara angebadilisha nywele za mpenzi kwa za mtu mwingine, ndiyo maana wanawake walijifunza kusuka wenyewe nyumbani, uzi kwa uzi.