Siku 12 za Uingereza, Miaka Miwili ya Lamu

Mtoto wa shangazi yangu amerudi kutoka Mombasa na majibu yake: ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, na sehemu ya utumbo wake mwembamba imekwisha kubana kiasi kwamba huenda ikabidi ikatwe. Ana umri wa miaka 26. Kwa miaka miwili amekuwa akiendesha, akiumwa na tumbo upande wa kulia na kukonda hadi buibui lake likamwelea mwilini, na katika muda huo wote ameandikiwa dawa za amiba mara sita katika vituo ambavyo sitavitaja. Mara mbili aliambiwa ni taifodi. Hakuna aliyemwandikia barua ya kwenda kupigwa kamera ya utumbo hadi kaka yake alipomchukua mwenyewe, wakavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa.

Nimekasirika zaidi kwa sababu nimesoma utafiti wa PROFILE uliochapishwa mwaka 2024. Madaktari wa Uingereza waliwachukua wagonjwa 386 waliokuwa wamegunduliwa na ugonjwa wa Crohn hivi karibuni. Kwa kawaida zilikuwa zimepita siku 12 tu tangu kugunduliwa. Kundi moja lilianzishiwa moja kwa moja infliksimabu, dawa ya kibayolojia inayozuia uvimbe, pamoja na dawa ya kupunguza makali ya kinga ya mwili, na kundi jingine lilipanda ngazi kwa mtindo tuliouzoea, yaani steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kwanza na dawa nzito pale tu ugonjwa unaporudi. Baada ya wiki 48, asilimia 79 ya kundi la kwanza walikuwa wametulia bila steroidi na bila upasuaji, ilhali katika kundi la pili walikuwa asilimia 15 tu. Ukiwahi, utumbo unapona kabla haujapata makovu, na utumbo uliokwisha kubana kwa kovu haufunguliwi na kidonge.

Ninajua jibu nitakalopewa, na sehemu yake ni ya haki. Amiba ipo kwetu, na anayemtibu mgonjwa kwa metronidazoli mara ya kwanza hajakosea. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana na Crohn hata mbele ya kamera, na ukimpa mgonjwa wa amiba steroidi kwa kukisia unaweza kumtoboa utumbo. Dawa za kibayolojia ni ghali, hilo sibishani nalo. Lakini sababu zote hizo zinadai uchunguzi zaidi, wala hakuna hata moja inayohalalisha dozi ya pili, ya tatu na ya sita ya dawa ileile kwa mgonjwa yuleyule ambaye anazidi kukonda. Dozi iliyoshindwa ni habari ya kitabibu, na ilipaswa kuandikwa kwenye daftari lake kama habari, kisha ifuatwe na kipimo cha damu, kipimo cha choo cha kuonyesha uvimbe wa utumbo, na barua ya rufaa. Barua ni karatasi moja. Nauli ingepatikana, kama ilivyopatikana baadaye, kwa harambee ya jamaa na kwa kuuza mbuzi.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo ni la kwetu sisi wenyewe. Kila alipoulizwa anaendeleaje, alijibu "Alhamdulillah", kwa sababu hivyo ndivyo mwanamke wa Lamu aliyelelewa vizuri anavyojibu, na neno hilo likaandikwa kana kwamba lilikuwa dalili. Utafiti wa CALM uliochapishwa mwaka 2017 ulikuwa na wagonjwa 244 wa Crohn. Kati ya waliobadilishiwa dawa kwa kufuata vipimo vya damu na vya choo pamoja na dalili, asilimia 46 walipona ndani ya utumbo, na kati ya waliofuatiliwa kwa dalili peke yake ni asilimia 30. Utumbo unaweza kuharibika huku mgonjwa akisema hajambo. Kwa watu wenye staha kama wetu, kipimo kinasema yale ambayo mdomo unayaonea haya.

Na alikuwa na mengi ya kuonea haya. Alinieleza, akitazama chini, kwamba aliacha kwenda kwenye darsa kwa sababu udhu haukumkaa hata kwa rakaa nne, kwamba hakuhudhuria arusi ya rafiki yake, na kwamba siku ya safari alishinda na njaa tangu usiku kwa kuwa ndani ya boti hakuna choo. Miongozo ya STRIDE-II ya mwaka 2021, inayoweka malengo ya kutibu magonjwa ya uvimbe wa utumbo, inataja ubora wa maisha ya mgonjwa kuwa miongoni mwa malengo ya tiba. Ningependa kila mhudumu wa afya wa pwani hii aanze na swali hilo: je, unaweza kukaa hadi sala iishe?

Mwezi ujao anarudi Mombasa. Watampiga picha ya kifua na kumpima kifua kikuu kilicholala, kwa kuwa infliksimabu inaweza kukiamsha, kisha daktari wa upasuaji ataangalia ile sehemu iliyobana na kuamua. Shangazi ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wa pili.