Ndago haina hofu, lakini ukingo wa ziwa je?

Shemeji yangu analima mihogo na kunde ng'ambo ya Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Ukimwambia kwamba ndago ina hali ya uhifadhi iliyoandikwa rasmi, atacheka mpaka jembe limponyoke. Yeye ndago anaijua kwa mgongo wake. Ukiivuta, shina lake la pembe tatu linakatika; ukichimba, unakuta vinundu vyeusi vimeungana kwa nyuzi kama tasbihi. Jembe likikata uzi, kila kinundu kinachipua kivyake. Ulidhani unapalilia, kumbe unapanda.

Haishangazi basi kwamba Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayopima hatari ya viumbe kutoweka, imeiweka ndago, Cyperus rotundus, daraja la chini kabisa la wasiwasi. Ndugu yake wa kinamasini, mafunjo, Cyperus papyrus, yako hapohapo. Hilo la mafunjo ndilo lenye ubishi.

Watetezi wa orodha wana hoja nzito. Daraja hupimwa kwa dunia nzima: mmea huanza kufikiriwa hatarini pale ambapo, kwa mfano, eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 20,000 na makazi yake yanazidi kupungua na kukatikakatika. Fedha za uhifadhi ni chache. Ukizimwaga kwenye magugu, utaiacha mimea isiyopatikana popote ila misitu yetu ya pwani. Hapo siwezi kubishana nao.

Lakini tazama Misri. Mmea uliowapa karatasi kwa maelfu ya miaka ulikaribia kwisha porini huko, na duniani bado ukahesabika salama. Ndivyo inavyoweza kuwa kwa delta ya Tana, eneo la Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu) tangu 2012, au Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, Lamu. Majani ya jamii ya ndago ukingoni yakilimwa au yakikauka, ndege waliojificha humo watahama, na daraja halitatikisika.

Kuna na ugomvi wa majina. Kyllinga, vile vindago vya uani vyenye kichwa cha mviringo kama kifungo, zamani vilikuwa na jenasi yao, yaani kundi lao la spishi za karibu, maana ua lina ncha mbili za kupokea chavua badala ya tatu. Vinasaba vikaonyesha vimezaliwa ndani ya Cyperus, na sasa wengi wanaviunganisha humo, jenasi moja ya spishi 950 hivi. Wanaolalamika kwamba imekuwa gunia la kila kitu nawaelewa. Ila kuhamisha jenasi hakuongezi wala hakupunguzi mche. Kinachogeuza daraja ni kuigawa spishi: kila kipande kinabaki na eneo dogo.

Kwangu mimi orodha haina kosa. Kosa ni kuisoma kama kibali cha kufukia kinamasi. IUCN yenyewe ina mwongozo wa kupima hali ya mmea kwa nchi au kanda, nasi tuutumie. Mtu aende Ziwa Kenyatta na daftari wakati wa kiangazi, arudi tena baada ya masika, ahesabu. Ndago za shemeji aziache, zitamhesabu yeye.