Kosa Dogo Limetokea, Tunaendelea

Kwanza ile voisi ya binamu yangu inayozunguka kwenye magrupu, kuhusu kikao cha harusi ya dada, ni ya uongo. Sikudukua simu ya mtu, sikugusa hela ya mtu, na baba mkubwa hakuzimia. Alikaa tu. Na huko kukaa kwake ndiko kulikonimaliza.

Mnaonifuatilia mnajua niko mwaka wa pili, sayansi ya kompyuta, na rekodi yangu na hizi programu mnaijua. Kikokotoo cha GPA, ule wastani wa alama za chuo, mnakikumbuka, kile nilichokiandika kwa lugha ya programu ya C muhula wa kwanza. Nikagawanya namba kamili kwa namba kamili, na C ukiifanyia hivyo inakata desimali zote bila kukuuliza. Mwenzangu wa chumbani ana 3.8, ikamtolea 3. Siku hiyo hakula. Ningekoma pale pale, leo msingekuwa na cha kusoma.

Sasa harusi ya dada. Mweka hazina ni mama mdogo, na kaunta buku yake, kila jioni anapigia watu mmoja mmoja kuwakumbusha ahadi mpaka sauti inakauka. Nikamwambia mama mdogo pumzika, hii kazi ya mashine. Nilikuwa na modemu ya zamani ya kuchomeka. Ukiweka laini ndani, Python, lugha nyingine ya programu, inaongea nayo kwa amri chache zinazoanza na AT, meseji inakwenda. Nikahamisha daftari zima kwenye Excel. Excel ikala sifuri za mwanzo za namba zote za simu, nikazibandika 255 mbele, hapo nikajiona mhandisi. Ujumbe nikaubana usizidi herufi 160. Nikajitumia mwenyewe. Ikafika. Nikalala usingizi wa bwana harusi.

Wa IT mshaona tatizo, tulieni. Nilijaribu namba moja, bila mzunguko, yaani ile sehemu ya kurudia kazi kwa kila mtu. Mzunguko wenyewe niliuandika siku ya kikao, ndani ya daladala, laptopu mapajani na kiwiko cha abiria mwenzangu mbavuni.

Kikao kwa shangazi, Tabata, Jumapili saa kumi. Mwenyekiti baba mkubwa. Huyu ndiye kikao kilichopita alisimama akasema kuna watu wanaahidi kwa mdomo na kula pilau kwa mdomo huo huo. Watu waliinamisha vichwa. Kwenye daftari la mama mdogo yeye ndiye namba moja, ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa. Naomba mlishike hilo.

Nikapewa dakika tano. Nikaeleza, nikabonyeza Enter.

Ting! Mfuko wa shati wa baba mkubwa. Watu wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele. Baba mkubwa akatabasamu, akapapasa miwani, hana, akampa simu mjukuu wake wa darasa la nne: "Hebu wasomee."

Mtoto akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Ndugu Baba Mkubwa Em mkwaju Kiti." Hivyo ndivyo mama mdogo alivyoandika daftarini, M/kiti, na mimi nikanakili kama ilivyo. "Kamati inakukumbusha. Ahadi, laki tano. Umetoa..." Akasogeza simu karibu na macho. Akaangalia tena. Huyu mtoto hata kama angekosea ningemshukuru. "Umetoa, sifuri. Bado, laki tano. Ubarikiwe."

Feni ndiyo iliyokuwa inasikika.

Ting!

"Imeingia nyingine, babu. Ndugu Baba Mkubwa Em mkwaju Kiti..."

Hapo ndipo nikaangalia skrini. Python haina mabano ya kufungia mzunguko, inasoma nafasi uliyoacha mwanzo wa mstari. Ule mstari wa kuongeza moja, wa kusema sasa nenda kwa mtu wa pili, kiwiko cha yule abiria kilikuwa kimeusukuma nje. (Sawa, niliusukuma mimi.) Programu haikuwa na mtu wa pili. Dunia nzima ilikuwa na mchangiaji mmoja. Na nilikuwa nimeweka subira ya sekunde tano kila meseji, eti modemu isichoke, kwa hiyo zilikuwa zinaingia kwa mpangilio, kama kengele ya kanisa.

Ting! "...Umetoa, sifuri..."

Nikabonyeza Ctrl+C, ya kusimamisha programu. Sasa sikilizeni ujinga huu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika except tupu, inayodaka kosa la aina yoyote ili programu isisimame hovyo. Ctrl+C nayo ikadakwa. Skrini ikaandika, kwa Kiswahili changu mwenyewe: "Kosa dogo limetokea, tunaendelea."

Ting!

Nikabonyeza tena. Kosa dogo limetokea, tunaendelea. Mtoto sasa alishaikariri, hasomi tena, anaimba. Mama mdogo amejifunika uso kwa kaunta buku, mabega yanatetemeka. Baba mkubwa hajamnyang'anya mtoto simu, hajasema kitu, ananiangalia tu mimi. Nikang'oa modemu, nikaiinua juu watu waione: "Imezimwa, baba mkubwa!"

Ting!

Meseji ikishafika kwenye mitambo ya mtandao ni yao, ukichomoa umechomoa ya kwako. Hiyo ilikuwa ya 19. Jaribuni kuwaeleza hilo wazee mkiwa mmeshika modemu juu kama kombe.

Kikao kikafungwa kwa sala fupi. Laki tano iliingia usiku ule ule saa tatu, bila neno. Jumatatu na Jumanne mama mdogo akapokea simu za watu kumi na moja wanaouliza kwa sauti ya chini kama wao wamo kwenye ile mashine. Mstari nimeurudisha ndani, except nimeifuta.

Jana jioni baba mkubwa kapiga. Nikaacha iite mara mbili. Shikamoo. Marahaba. Kimya. Halafu akasema kuna mtu kijijini ana mbuzi wake wawili tangu mwaka juzi, je, ile mashine inafika huko? Nikamwambia inafika, baba mkubwa, na sasa nimeshairekebisha, inatuma mara moja tu.

"Ah," akasema. "Umeirekebisha ya nini?"