Musa wa siti ya dirishani

Najua ile klipu yangu ya kwenye ndege mmeshaiona. Swahiba wangu kaituma hadi kwenye grupu la kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua. Basi acheni na mimi niseme, maana yeye kakata kipande anachokitaka.

Ndege ya alfajiri, Dar kwenda Cairo. Nazinduka jua limeshachomoza, chini ni Sudani: mchanga, mawe, mchanga tena. Halafu uzi wa kijani, mto Nile, na nyumba zimejipanga kando yake kama kunguru kwenye waya wa umeme. Nje ya uzi huo, hakai mtu. Nikavaa hedifoni, nikafungulia muziki mpaka mwisho.

Hizo hedifoni mzikumbuke.

Mara maji. Maji ya bluu, yameingia jangwani vidole vidole kama mizizi ya mkoko, na ukingoni hamna hata jani. Moyo ukaniambia: mwanangu, hii ndiyo yenyewe.

Katikati yangu na swahiba alikaa mzee wa Kimisri. Nikamwegemea. Nikapitisha mkono mbele ya pua yake, chai yake ikacheza. Nikavuta pumzi.

"OYA! BAHARI YA SHAMU! HAPO NDIPO MUSA ALIPOPIGA FIMBO!"

Wallahi nilidhani nanong'ona. Mtoto wa siti ya mbele akapanda juu ya kiti kunitazama. Mhudumu akasimamisha kitoroli. Swahiba ameshanyanyua simu, na mimi, mjukuu wa watu, naendelea: "NA ZILE DUARA ZA KIJANI NI VIWANJA VYA HELIKOPTA ZA JESHI!" (Msicheke. Kutoka juu zile duara zimenyooka kama zimechorwa na bikari, mngesema nini?)

Mzee akaweka chai chini. Akanichomoa hedifoni ya sikio moja, polepole, kama anayebandua plasta kwa mtoto.

"Kijana," akasema. Kwa Kiswahili! "Hilo bwawa. Ziwa Nasser. Tumelizuia Aswan."

Kumbe kafanya kazi Rufiji, kwenye Bwawa la Nyerere walilojenga Wamisri. Duara ni mashamba: bomba refu lenye magurudumu linazunguka likinyunyiza, linapoishia na kijani kinaishia. Chini ya maji yale kuna vijiji vya Wanubi, wenyewe walihamishwa miaka ya 1960. Na Bahari ya Shamu? Akaelekeza kidole upande wa pili wa ndege, mbali huko, hata haionekani.

Nikasema "ahsante, mzee", nikajifunika blanketi hadi tunatua.

Kabla begi halijatoka, klipu ilishafika Mbagala. Shangazi, ambaye hakusikia mwisho wake, kaiweka status na kuandika "Amina". Nikainama kuchukua begi na mwavuli wangu. Mzee akapita na toroli lake.

"Musa," akasema, "fimbo usiisahau."