Nakala za chupa bapa za kale: ushahidi uko kitakoni

Chupa bapa za Marekani za karne ya 19, zile zenye sura ya George Washington upande mmoja na tai upande wa pili, zimeigwa kwa mkono kwa muda mrefu hata baadhi ya nakala zenyewe sasa zinakaribia kutimiza karne moja. Kuna wakusanyaji wanaoziona ni kazi halali ya fundi. Wengine wanaziona ni mtego unaomsubiri mnunuzi wa kesho.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Fundi wa nakala huchota kioo cha moto kwa bomba, hukipuliza ndani ya kalibu ya chuma ya vipande viwili, hushikiza kitako kwenye fimbo ya chuma, hukata shingo, kisha huurudisha mdomo motoni ulainike. Fimbo ikibanduliwa huacha kovu kitakoni. Anayeanza hulijua kovu hilo kwa kulipapasa, na heri alipapase kwenye nakala kuliko kwenye chupa isiyo na mbadala. Emil Larson, aliyefanya kazi New Jersey miaka ya 1930, aliiga vioo vya karne ya 18 vya mtindo wa Stiegel, mwenye kiwanda cha vioo huko Pennsylvania, na leo watu wanazisaka kazi zake kwa jina lake mwenyewe.

Wanaozipinga nao hawakosi mfano. Katika miaka hiyohiyo, ndugu wa Clevenger wa Clayton, New Jersey, walipuliza nakala za chupa ya E. G. Booz, mfanyabiashara wa wiski wa Philadelphia, yenye umbo la kibanda. Chupa halisi imeandikwa 1840, ingawa ilipulizwa miaka ya 1860 (hata ya asili haisemi kweli kuhusu umri wake!). Anayenunua kwa kusoma maandishi hupotea mara mbili.

Vipimo husaidia, lakini si hakimu. Kalibu iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa halisi husinyaa kwa takriban asilimia 1 chuma kinapopoa, kwa hiyo chupa ya milimita 200 hupungua kama milimita 2, na manyoya ya tai hufifia. Tumia kalipa (kipimio chenye taya mbili), si rula. Ila fundi mjanja hufidia upungufu huo, na muundo mmoja wa kale ungeweza kuwa na kalibu zaidi ya moja.

Kitako ndicho kinachosema zaidi. Paka risasi ya penseli kwenye karatasi, simamisha chupa juu yake, izungushe kidogo. Palipoingia weusi ndipo panapogusa meza. Pafute, kisha patazame kwa lenzi ya kukuza mara 10: uchakavu wa kweli ni mikwaruzo ya urefu tofauti inayokatizana kila upande. Msasa huacha mistari sambamba, na mara nyingi huingia hata pale ambapo weusi haukufika. Mikwaruzo ya namna hiyo imetiwa na mtu.

Kwa hiyo tatizo si nakala, ni nakala isiyo na alama ya kuitambulisha kuwa nakala. Lebo ya karatasi hutoka chupa ikioshwa mara ya kwanza. Alama iliyochorwa inaweza kusagwa, ingawa msago huacha eneo bapa lisilong'aa, linaloonekana mwanga ukipiga kwa pembeni. Iliyo bora huchongwa ndani ya kalibu, katikati ya pambo, mahali ambapo kuisaga ni kuliharibu pambo lenyewe. Mafundi wanaolalamika kwamba alama inaharibu sura hawanishawishi; herufi za milimita 3 hazionekani chupa ikiwa rafuni.

Mwenye nakala zisizo na alama anaweza kuzichora alama kwa kalamu ya ncha ya almasi, mbali na kovu. Kwanza aiweke chupa kati ya vichujio viwili vya kupolarisha mwanga, vilivyopishanishwa hadi giza liingie. Mabaka yanayong'aa ni mkazo uliobaki kwa sababu kioo kilipozwa haraka mno, na mkwaruzo mdogo hapo unaweza kuanzisha ufa. Chupa ya namna hiyo isichorwe: ipigwe picha ya kitako, iandikiwe kadi, na kadi iende nayo siku itakapouzwa.