Ukija kusini, simba waache kwanza: kaone mawe

Kila ndugu anayepanga kunitembelea huku Johannesburg anaulizia Kruger, hifadhi kubwa ya wanyama ya Afrika Kusini. Jibu langu ni moja: simba, tembo na nyati umewaacha nyumbani, tena wengi. Kama una wiki moja tu ya kutembea kusini mwa Afrika, na asili yako ni pwani ya Waswahili, anzia Great Zimbabwe.

Magofu hayo ya mji wa kale wa mawe yako karibu na mji wa Masvingo, nchini Zimbabwe, na sisi si wageni wake. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka katika nyanda zile, ikateremshwa hadi Sofala, pwani ya Msumbiji, ndipo ikapakiwa majahazini. Wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta pale Great Zimbabwe sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa katika karne ya 14. Walikuta pia vigae vya vyombo vya China na Uajemi, kama vinavyookotwa kwenye magofu yetu. Aliyefika Kilwa tu anajua dhahabu ilikoishia, hajui ilikotoka.

Na ule ukuta! Wa nje, katika boma kubwa, una mzunguko wa mita zipatazo 250, na kuna mahali unafika kimo cha mita 11. Hauna chokaa hata chembe, ni vipande vya itale vimepangwa kimoja juu ya kingine, na vimesimama mamia ya miaka. Walowezi hawakutaka kukubali kwamba Mwafrika alijenga kitu kile. Wakasema ni Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mashariki ya Kati. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Mwingereza, Gertrude Caton-Thompson, alichimba na kueleza wazi kwamba ni kazi ya wenyeji, lakini serikali ya Rhodesia, jina la Zimbabwe enzi za walowezi, iliendelea kuwabana wataalamu waliosema hivyo hadi miaka ya 1970. Hapo ndipo ninapoikumbuka Kilwa zaidi, maana nayo iliandikwa kwa muda mrefu kana kwamba ni mji wa Waajemi na Waarabu tu, na mwenyeji alikuwa mtazamaji. Tofauti ni kwamba Wazimbabwe wamelimaliza suala lao: nchi imechukua jina la mahali pale, na mmoja wa ndege wa mawe waliopatikana pale yuko kwenye bendera. Nilipokwenda nilikuta mabasi ya shule yamejaa geti zima.

Upande wa Afrika Kusini kuna Mapungubwe, mto Limpopo unapokutana na mto Shashe, mji uliotangulia Great Zimbabwe. Kifaru wake mdogo wa dhahabu, wa karne ya 13, amehifadhiwa Pretoria, pamoja na shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Mgeni Mwafrika katika nchi hii huambiwa mara nyingi arudi kwao, na maneno hayo yanauma. Zile shanga zinanipa nguvu. Watu wa pwani na watu wa huku walikuwa wakifanya biashara kabla mtu yeyote hajachora mpaka.

Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, nenda, halina mjadala: maji yanaanguka zaidi ya mita 100 katika upana wa kilomita 1.7. Ila usije Oktoba ukakaa upande wa Zambia tu, utaona mwamba mkavu. Okavango, delta ya Botswana, ni ghali mno kwa mfuko wa kawaida. Robben Island, kisiwa alikofungwa Mandela, inahitaji nusu siku na moyo mgumu.

Jambo ambalo watu wa huku wametuzidi ni kwamba kutembea ni mazoea ya familia. Wanaingia Kruger na gari dogo la nyumbani, lami inafika hadi kambini, wanapanga kibanda, wanachoma nyama yao. Kila Septemba kuna wiki ambayo raia huingia bure katika hifadhi nyingi kwa kuonyesha kitambulisho. Kwetu kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, hilo nalisifu. Kinachotushinda ni kufika. Ukiondoa Mikumi iliyopitiwa na barabara kuu, gari la kukodi kwa siku mbili laweza kumaliza mshahara wa mwezi wa mwalimu.

Lakini Kilwa haihitaji landikruza. Ni kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, basi linafika Kilwa Masoko, kisha mashua hadi Kilwa Kisiwani kwenye magofu. Hata hivyo watoto wa Dar wanamaliza sekondari wakiijua kwa picha ya kitabuni. Nataka shule za Dar, Lindi na Mtwara zipeleke angalau basi moja kila mwaka, watoto wavuke, waingie Msikiti Mkuu, wapande hadi Husuni Kubwa, na mwalimu awe amebeba ramani inayofika mpaka Masvingo.