Tuanze na kibaba, ubao baadaye

Juzi usiku, hapa Wete, Pemba, mtoto wa dada yangu alinifungulia daftari lake: ½ + ¼ = 2/6. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, na mwalimu kaweka alama ya kosa tu, bila neno. Nikamwambia, "Mjomba, katuletee kibaba cha bibi yako."

Pishi, kipimo chetu cha nafaka, ni vibaba vinne. Nusu pishi, yaani kisaga, ni viwili. Robo pishi ni kimoja. Tukapima mchele kwenye sinia, nusu pishi kisha robo, akahesabu vibaba mwenyewe: "Vitatu." Vitatu katika vinne, robo tatu. Kisha nikamuonyesha kuwa 2/6 ni thuluthi, ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Vipi uongezewe mchele upungukiwe? Akafuta bila kuambiwa.

Naona tunawaonea watoto kuwapa kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa asili zote mbili, kabla hawajajua kinatafutwa kwa nini. Asili, ile namba ya chini, inasema kitu kimekatwa vipande vya ukubwa gani. Vipande visivyolingana havijumlishiki, wala havitoani, mpaka vikatwe sawa.

Na sisi visiwani tuna mfano mzito zaidi ya mchele: mirathi ya Kiislamu. Mtu kafa, kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumni (1/8), mama ana sudusi (1/6), mtoto anachukua kinachobaki. 8 na 6 zinakutana kwenye 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Mwanafunzi akiikosea hesabu hii kamdhulumu mjane, na hilo analielewa haraka kuliko wino mwekundu. Maneno yenyewe kayasikia chuoni, kwenye Kurani, tangu mdogo. Skuli wanamfundisha kama mgeni.

Kuzidisha hakuna taabu: nusu ya robo ni thumni, juu kwa juu na chini kwa chini, na hapa ndipo kanuni ile ya daftari inapofaa.

Kugawa ndiko kunakowatisha. "Geuza ya pili, kisha zidisha," wanakariri, na hawaamini jibu linapokuwa kubwa. Nikamuuliza kijana: pishi 3 ukizigawa kwa ¼, unapata ngapi? Akashika penseli aanze kugeuza.

"Vibaba kumi na viwili," bibi yake akajibu kutoka jikoni.